Haki ya Aliye Chini ya Mfereji

Johannes Rebmann alipouona mlima wenye theluji mwezi Mei 1848, na wanazuoni wa Ulaya wakamkanusha kwa hoja kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, Wachagga waliokuwa wakiishi chini ya theluji hiyo walikuwa wamekwisha zamani kuchimba mifereji ambayo wao huiita mifongo, wakiyatoa maji katika vijito vya juu na kuyaongoza kwa mteremko mdogo mno, kandokando ya vilima na juu ya mabonde, hata yakafika kwenye vihamba vya migomba ambavyo pasipo maji hayo visingestahimili kiangazi. Ustadi wa kazi ile umesifiwa na wageni wengi. Mimi nastaajabia zaidi sheria yake. Maji yaligawanywa kwa zamu; aliyekosa kutoka siku ya kuzibua mfereji alitozwa; na mwenye shamba la juu, ijapokuwa maumbile ya ardhi yalimpa nafasi ya kuyakinga maji yote yasiteremke, alijua kwamba zamu yake ina mwanzo na ina mwisho, na kwamba akiyaiba maji ya mwenzake ataitwa mbele ya wazee kujibu shtaka la jirani ambaye hana nguvu yoyote juu yake isipokuwa haki.

Sura hii yahusu mashtaka ya namna hiyo, ila kinachoteremka sasa si maji bali ni moshi, joto na majira yaliyovurugika, na aliye juu hukaa mbali kiasi kwamba hata akiitwa kwa sauti ya kupasua kifua hasikii, au hujifanya hakusikia.

Pasua ni kata ya Manispaa ya Moshi, upande wa kusini wa mji, mahali ambapo mteremko wa Kilimanjaro unakaribia kwisha na ardhi inaanza kunyooka kuelekea mashamba ya miwa ya kampuni ya TPC. Hapa huishi wachuuzi, mafundi, waendesha bodaboda, mama lishe, na vijana wanaobebea wageni mizigo mlimani. Vihamba viko juu, nao wengi wao hawana kihamba. Mvua ikinyesha kwa wingi huko juu, maji huwafikia wao mwisho, na ukame ukishika, maji huwakosa wao kwanza. Mtu wa Pasua ni jirani wa chini kwa maana zote za neno hilo, na kwa sababu hiyo nimemchagua yeye niwe naye katika sura hii, tukatazame pamoja jinsi jirani wa chini alivyopata kusikilizwa, na pale aliponyimwa kusikilizwa, katika nchi zetu na kwingineko.

Kwanza mlima wenyewe. Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889, aliporudi mwaka 1898 alikuta barafu imekwisha kurudi nyuma. Ramani iliyochorwa mwaka 1912 ilionyesha barafu iliyotanda kiasi cha kilomita za mraba 12. Vipimo vya mwaka 2011 viliikuta haifiki kilomita za mraba 2, yaani sehemu 85 katika kila mia zilikuwa zimetoweka katika umri wa mtu mmoja aliyejaliwa maisha marefu. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro yatazamiwa kutoweka kabisa ifikapo mwaka 2050. Habari hizo zimepigiwa mbiu dunia nzima, na picha ya kilele kinachovuliwa kilemba chake cheupe imekuwa hoja ya kila mwenye kuyalaumu makaa ya mawe na mafuta.

Lakini insafu yanilazimu kusema jambo ambalo wapenzi wa hoja hiyo aghalabu hulipita. Barafu ya Kilimanjaro ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, hewa ya Afrika Mashariki ilipoanza kukauka, nao wataalamu walioipima wanasema kwamba huko juu, ambako joto hubaki chini ya kiwango cha kuganda, barafu haifi kwa kuyeyuka tu, bali hufa pia kwa jua na kwa uhaba wa theluji mpya ya kuijazia. Fauka ya hayo, maji yanywewayo Moshi hayatoki katika barafu kwa kadiri watu wanavyodhani. Yatoka katika msitu, katika ule ukanda wa miti unaouzunguka mlima, ambao hupokea mvua nyingi na kuyanasa mawingu yapitayo, kisha ukayaachilia maji polepole kwenye mito. Na msitu huo wa juu umekuwa ukiliwa na moto: kadiri hewa inavyozidi joto na ukavu, moto uliokuwa ukizimika wenyewe sasa hupanda na kuteketeza mimea ya juu, kama ulivyofanya mwezi Oktoba 2020 ulipowaka siku nyingi na kuwatoa mamia ya watu kwenda kuuzima. Barafu ndiyo inayolizwa magazetini, ilhali msitu ndio unaomnywesha mtu wa Pasua. Atakayetaka kusimama mbele ya hakimu kwa niaba ya mlima huu sharti aijue tofauti hiyo barabara, kwa maana wakili wa upande wa pili ataijua.

Hayo yasimfanye mtu adhani kwamba basi hakuna mdaiwa. Bara zima la Afrika, lenye zaidi ya mtu mmoja katika kila watu sita wa dunia, hutoa chini ya sehemu 5 katika kila mia za hewa ya ukaa itokayo kila mwaka katika viwanda na nishati. Masika ya mwaka 2024 yaliua watu 155 katika Tanzania kwa hesabu aliyoitoa Waziri Mkuu Kassim Majaliwa bungeni mwezi Aprili. Nao wanasayansi wanaeleza kwamba hewa iliyopashwa joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvua zetu kubwa zimezidi ukubwa kwa sababu hiyo. Aliyefunikwa na matope hakuwa na kiwanda.

Twende sasa Tabata, kwa maana kisa kikubwa cha jirani wa chini katika Tanzania ni cha Tabata, nami nasikitika kwamba hakifundishwi shuleni. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilikuwa ikimwaga taka za mji mzima katika mtaa huo, na taka zikawaka moto usiku na mchana, na moshi, uvundo na nzi vikaingia majumbani mwa watu wasioweza kuhama. Wakazi walilalamika kwa njia zote za adabu zilizowapasa raia. Hatimaye baadhi yao, katika shauri lijulikanalo kwa jina la Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji, waliingia Mahakama Kuu, nayo mahakama ikaiamuru Halmashauri iache kumwaga taka Tabata na itafute mahali pasipodhuru watu. Halmashauri haikutii upesi. Ilirudi mahakamani kuomba iongezewe muda wa kuendelea na jambo lile lile ililokatazwa.

Jaji Lugakingira aliyelisikiliza ombi hilo alilikataa, na katika kulikataa alionyesha mshangao wake kwamba chombo cha umma kinaweza kuingia mahakamani bila ya soni na kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuyahatarisha maisha ya watu. Alikwenda mbali zaidi. Alitaja Ibara ya 14 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuishi, akaona kwamba kumvutisha mtu sumu katika nyumba yake ni kuivunja haki hiyo. Lazima msomaji akumbuke wakati ule ulikuwa wakati gani. Haki za raia zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini mahakama hazikuruhusiwa kuzitekeleza mpaka mwezi Machi 1988. Zilikuwa hazijakaa sana tangu zipewe meno, na miongoni mwa wa kwanza kuzitumia hakuwa mwanasiasa aliyenyimwa jukwaa wala tajiri aliyenyang'anywa shamba, bali watu wa mtaani waliotaka kuvuta pumzi. Kwa maoni yangu hapo ndipo haki ya hewa ilipozaliwa katika sheria ya nchi hii, miaka mingi kabla ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo imeandika bayana kwamba kila aishiye Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, tena ikamruhusu kudai haki hiyo mahakamani.

Hata hivyo kisa hicho kina sehemu ya pili yenye kutia uchungu. Halmashauri ilipoondoka Tabata ilikwenda Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko, Festo Balegele na wenzake zaidi ya 700, nao ikawabidi waende Mahakama Kuu mwaka 1991, nao wakashinda. Taka zikaenda Vingunguti, na baadaye Pugu. Kila mtaa uliojua kudai ulijiokoa, na moshi ukahamia kwa waliochelewa kujua. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu watu wa Tabata, maana hakuna aliyewapa uchaguzi mwingine; nasema kwa sababu ndiyo hali ya dunia nzima sasa, isipokuwa tofauti moja: hewa ya ukaa haina Vingunguti ya kupelekewa. Ikitoka Houston au Shanghai au Rotterdam yaenea juu ya wote, na joto lake humfikia wa Pasua hata kama hajui mahali ilikotokea.

Katika pwani yetu ya Uswahilini, walioielewa mapema haki ya jirani wa chini ni watu wa Lamu. Kampuni iitwayo Amu Power ilikusudia kujenga Kwasasi, upande wa bara wa visiwa vile, mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wenye nguvu ya megawati 1,050, kwa gharama ya dola za Marekani bilioni 2, na dohani lake lingepanda mita 210 kwenda juu karibu na mji mkongwe ambao UNESCO iliuorodhesha katika urithi wa dunia mwaka 2001. Makaa yenyewe yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ilitoa idhini mwezi Septemba 2016. Ndipo muungano wa jumuiya za hapo, Save Lamu, pamoja na wakazi wenzao, ukakata rufaa katika Baraza la Mazingira la taifa, ukiauniwa na Katiba Institute na kampeni iliyojiita deCOALonize.

Nimetazama kwa makini hoja zilizowashindisha, kwa sababu si zile ambazo mtu wa mbali angezitarajia. Hawakushinda kwa kuthibitisha kwamba makaa ya mawe ni mabaya, ijapokuwa ni mabaya. Walishinda tarehe 26 Juni 2019 kwa sababu Baraza liliona kwamba hawakuulizwa. Mikutano iliyofanywa ilifanywa kabla ya uchunguzi kukamilika, na uchunguzi ulipokamilika ripoti yake haikurudishwa kwa watu wakaelezwa kwa lugha yao ni nini kitakachotoka katika lile dohani, majivu yatawekwa wapi, na maji ya moto yatakayorudishwa baharini yatawafanya nini samaki. Mvuvi hakupewa nafasi ya kujibu jambo ambalo hakuelezwa. Idhini ikafutwa. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikajitenga na mradi, kisha benki ya Kichina ya ICBC nayo ikajitoa, na mwezi Oktoba 2025 mahakama ya ardhi na mazingira huko Malindi iliithibitisha hukumu ya Baraza.

Kushauriwa, basi, si takrima. Wako wanaodhani kwamba kumwita mwananchi mkutanoni ni heshima tu anayotunukiwa, apewe soda na posho, asaini mahudhurio, arudi kwake. Na kwamba akisema hapana, hilo ni la kuandikwa pembeni mwa taarifa. Lamu imeonyesha kwamba mkutano wa namna hiyo ni batili mbele ya sheria, na kwamba mradi wa dola bilioni 2 waweza kuanguka kwa sababu ya sura za ripoti ambazo hazikusomwa kwa watu. Hata wazee wa mfongo walilijua jambo hili pasipo wakili: mfereji mpya hauchimbwi kupita shambani kwa mtu ambaye hajaketi katika shauri.

Omar Elmawi, mwanasheria aliyeiratibu deCOALonize, ndiye aliyeratibu baadaye harakati ya StopEACOP, inayopinga bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki. Bomba hilo latoka Hoima katika Uganda hadi rasi ya Chongoleani, kaskazini ya mji wa Tanga, mwendo wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo katika ardhi ya Tanzania. Mafuta ya Uganda ni mazito na yana nta, hayatiririki katika joto la kawaida, kwa hiyo bomba zima limeundwa lipashwe moto lisishuke chini ya nyuzi 50. TotalEnergies ya Ufaransa ina hisa 62 katika kila mia. Uganda na Tanzania zina 15 kila moja kwa njia ya mashirika yao, na CNOOC ya China ina 8. Marais Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani tarehe 5 Agosti 2017. Wachunguzi wa Climate Accountability Institute wamekadiria kwamba mafuta hayo, pamoja na kazi ya kuyachimba, kuyasafirisha na kuyachoma, yatatoa tani milioni 379 za hewa ya ukaa katika miaka 25.

Bomba hilo halipiti Kilimanjaro. Lakini mtu wa Pasua ana sababu ya kulitazama, maana maji ya mlima wake, yakishapita Kikuletwa na Ruvu na kukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, huwa mto Pangani na kuingia baharini katika mkoa ule ule wa Tanga, pwani ile ile ambako serikali ilitenga mwaka 2009 hifadhi ya bahari kwa ajili ya silikanti, samaki wa kale ambaye wanazuoni walimdhania ametoweka duniani. Maji ya Kilimanjaro na mafuta ya Hoima hukutana na bahari moja.

Mashirika ya Uganda, Kenya na Tanzania yalilipeleka shauri la bomba katika Mahakama ya Afrika Mashariki mwezi Novemba 2020. Mahakama hiyo hukaa Arusha, safari ya basi isiyofika nusu siku kutoka Moshi, na hilo ni jambo la kutia moyo, kwamba kiti cha hukumu cha eneo zima kiko karibu namna hii na miteremko yetu. Tarehe 29 Novemba 2023 mahakama iliwaambia wadai kwamba wamechelewa: mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unampa mlalamikaji miezi miwili tangu jambo lijulikane, nao ilifaa waje tangu mwaka 2017, makubaliano ya serikali mbili yalipotiwa saini. Kiini cha shauri hakikufikiwa. Mimi si mwanasheria, na sheria ya muda ina hekima yake. Lakini naiona dhuluma kubwa katika kanuni inayompa mkulima wa Kyotera au mfugaji wa Manyara miezi miwili ya kuusoma mkataba aliofichwa, kuuelewa, kutafuta wakili na kufika Arusha, ilhali madhara yenyewe yatakaa miaka 25 na zaidi. Madhara ya hali ya hewa huja polepole. Ikiwa mlango wa mahakama hufungwa upesi kuliko madhara yanavyofika, basi jirani wa chini atakuwa amechelewa siku zote.

Wengine hawakungoja mahakama. Tarehe 4 Oktoba 2022, wanafunzi tisa walikamatwa Kampala wakielekea ofisi ya Umoja wa Ulaya kuunga mkono azimio ambalo Bunge la Ulaya lilikuwa limelipitisha mwezi uliotangulia dhidi ya bomba. Walishtakiwa kwa kosa la kuleta kero kwa umma. Kero, katika sheria tuliyoirithi kwa Waingereza, ndilo shtaka la kale la kumdai jirani mwenye moshi, na hapa limegeuzwa likamwangukia aliyeulalamikia.

Yafaa sasa niijibu hoja ya upande wa pili, tena niijibu kwa heshima, kwa sababu wanaoitoa si maadui wa nchi. Wanasema: Ulaya na Marekani zimechoma makaa na mafuta kwa miaka mia mbili zikatajirika, na leo, sisi tulipogundua yetu, twaambiwa tuyaache ardhini kwa ajili ya mlima ambao wao ndio walioupasha joto. Hoja hii ina uzito. Mtu yeyote aliyewahi kuona zahanati isiyo na taa hawezi kuidharau. Na pale Pasua kwenyewe, sehemu kubwa ya moshi unaoingia katika vifua vya watu hautoki katika bomba la mtu yeyote. Watoka katika mkaa na kuni jikoni, na mama anayekohoa usiku angefurahi kupata mtungi wa gesi, ambayo nayo ni mafuta ya ardhini kwa asili yake. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, unakusudia watu 80 katika kila mia wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034, na sehemu kubwa ya kazi hiyo itafanywa na mitungi. Mwanaharakati atakayekuja kumnyima mama huyo mtungi kwa jina la barafu ya kileleni hana haki ya kusikilizwa naye.

Lakini tuutazame ukweli wa hesabu. Mafuta ya Hoima yanayokusudiwa kupelekwa Chongoleani hayakupangiwa kupita jikoni kwa mtu. Yamekusudiwa kupandishwa melini kwenda kuuzwa ng'ambo. Faida kubwa ya bomba lenyewe ni ya mwenye hisa 62 katika kila mia. Wenye mashamba yaliyopitiwa na bomba katika Uganda walikaa miaka wakingoja fidia, wamekatazwa kupanda mazao ya kudumu na wengine wasijue siku ya kulipwa. Watu wa Mtwara walilijua swali hili mapema, walipoandamana mwezi Disemba 2012 na kisha ghasia za mwezi Mei 2013 zikagharimu maisha, wakidai kwamba gesi iliyochimbwa kwao isipelekwe Dar es Salaam kabla hawajajua wao watabaki na nini. Walikuwa wakiidai faida, si hewa. Na wengine waliwaona wabinafsi. Mimi nawaona ni ndugu wa watu wa Lamu, kwa kuwa swali lao lilikuwa moja: ni nani aliyeketi katika shauri hili, na kwa nini hatukuitwa? Haki ya hali ya hewa haitimii kwa kuyafunga mafuta yote katika siku moja, wala kwa kuyachimba yote kwa sababu wengine walichimba. Hutimia pale ambapo atakayedhurika anaulizwa kabla, anajibiwa, na anafidiwa na yule aliyefaidi.

Je, yule aliyefaidi aweza kufikiwa akiwa mbali? Hapa nitamchukua msomaji hadi milima ya Andes, kwa kuwa huko yuko mtu ambaye kijana wa Pasua angemtambua mara moja. Saúl Luciano Lliuya ni mkulima na kiongozi wa wapanda milima huko Huaraz katika Peru. Juu ya mji wake kuna ziwa Palcacocha, ambalo hujazwa na barafu inayoyeyuka, nalo liliwahi kupasuka mwaka 1941 likaua watu wengi. Mwaka 2015 aliishtaki katika Ujerumani kampuni ya umeme ya RWE, iliyokuwa ikichoma makaa ya mawe miaka mingi, akaidai ilipe sehemu ndogo ya gharama za kuulinda mji, sehemu ya 0.47 katika kila mia, sawasawa na hesabu ya mchango wake katika hewa chafu ya viwanda vyote tangu mapinduzi ya viwanda yalipoanza. Na kanuni aliyoitumia, ndugu msomaji, ilikuwa ni kanuni ya ujirani katika sheria ya madai ya Kijerumani, ile inayomruhusu mwenye nyumba kumzuia jirani anayeidhuru mali yake. Kampuni, ambayo makao yake yako Essen, ilijitetea kwa umbali wake na Huaraz.

Tarehe 28 Mei 2025 mahakama ya Hamm ilimkatalia dai lake. Lakini ilimkatalia kwa sababu ya ushahidi: mtaalamu wa mahakama aliona kwamba uwezekano wa mafuriko kuifikia nyumba yake katika miaka 30 ijayo ni kama moja tu katika mia. Juu ya jambo kubwa, mahakama ilisema kwamba mtoaji mkubwa wa hewa ya ukaa aweza kubebeshwa jukumu la madhara yake, na kwamba umbali haumwondolei jukumu hilo. Miezi miwili baadaye, tarehe 23 Julai 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ilitoa maoni yake kwa ombi lililoanzishwa na wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki na kubebwa na nchi ndogo ya Vanuatu, ikasema kwamba mataifa yanawajibika kisheria kuyalinda majira ya dunia, na kwamba kutoa leseni na ruzuku za kuchimba makaa na mafuta kwaweza kuwa ni kosa lenye kudaiwa fidia. Maoni si hukumu. Lakini hakimu wa Arusha au wa Dar es Salaam hawezi tena kusema kwamba jambo hili halijulikani katika sheria.

Kilichompungukia Lliuya ni ushahidi, na hicho ndicho kitakachompungukia mtu wa Pasua asipoanza leo. Hataweza kwenda mahakamani na picha ya barafu, kwa sababu nilizokwisha kuzieleza. Atahitaji daftari: tarehe ambayo mfongo fulani wa Kibosho au Old Moshi ulikauka, na mwaka uliotangulia ulikauka lini, kiasi cha mvua kilichopimwa shuleni kwa kipimo cha bati, nyumba ngapi za mtaa ziliingiwa na maji katika masika gani, na kina cha alama ya tope ukutani, watoto wangapi walifikishwa zahanati kwa kikohozi na wangapi kwa kuhara baada ya mafuriko, moto wa msituni uliwaka lini na ulizimwa lini. Kamati za mifongo zina kumbukumbu nyingi za namna hiyo vichwani mwa wazee, nao wazee hawakai milele. Kila mtaa una mwenyekiti na una mkutano wake, na muhtasari wa mkutano uliotiwa saini na mhuri ni hati ambayo mtu aweza kuipeleka mahakamani. Gharama ya kuuanza mwaka wa kwanza wa kumbukumbu hizo kwa mitaa ya Pasua ni madaftari kadhaa, kalamu, na mtu mwaminifu mmoja katika kila mtaa atakayeandika kila siku bila kuongeza wala kupunguza.